Chumba Nyuma ya Madhabahu

3 Machi

Binti yangu mpendwa,

Huku hatujambo, ila miguu ya mama yako bado imemgomea. Anashinda kitandani akitoa amri kama jemadari. Wewe na wajukuu zangu mnaendeleaje?

Nina jambo limenikaa kooni. Mchungaji aliniita nikarabati sakafu ya kanisa kabla ya jubilei. Nilipong'oa mawe nyuma ya madhabahu, nyundo ikatumbukia. Chini kuna chumba, hata dirisha hakina. Ukutani kuna pete za chuma, usawa wa mtu aliyeketi.

Unajua tulivyofundishwa: wamisionari waliwanunua watumwa ili wawaachie huru, bibi yangu akiwa mmoja wao. Mwenyewe alikuwa akisema, "Tulitolewa kwenye mnyororo, tukatiwa kwenye kengele." Kengele ya kwenda shamba la misheni. Aliyetoroka alirudishwa. Sasa nimejua alirudishwa wapi.

Mchungaji alichungulia akasema, "Fundi, ziba. Na siku ya jubilei utatoa shukrani kwa niaba ya wazao wa waliokombolewa."

Nyumba tunayokaa ni ya kanisa. Nifanyeje?

Baba yako

20 Machi

Baba, shikamoo.

Sisi wazima, watoto wanakuamkia. Barua yako nimeisoma nimesimama. Usizibe! Bibi yako afungwe mle, halafu wewe ushukuru? Sema, baba. Mimi niko nyuma yako.

Mwanao

9 Juni

Mwanangu,

Naomba barua hii ikukute salama, maana kimya chako kinanitia wasiwasi.

Niliziba. Mama yako hawezi kuhamishwahamishwa kama gunia. Lakini siku ya jubilei nilipopewa kipaza sauti, shukrani zilikataa kutoka. Nikasema, "Nyuma ya madhabahu hii kuna chumba walimofungwa bibi zetu. Nimekiziba mimi, kwa mikono hii."

Mchungaji akaipungia kwaya mkono. Kwaya ikaimba.

Tumeambiwa tuhame. Mbona huandiki?

Baba yako

2 Julai

Baba, shikamoo.

Mama anaendeleaje? Kalamu ni nzito leo. Unajua shule ninayofundisha ni ya kanisa hilohilo. Mkuu wa shule aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniwekea karatasi mbele: kwamba baba yangu amechanganyikiwa kwa uzee. "Tia sahihi, mwalimu, au rudisha funguo za nyumba."

Nikawafikiria watoto. Nikatia sahihi.

Mimi niliyekuambia sema.

Mwanao, kama bado unanikubali

15 Julai

Mwanangu,

Tumepata chumba cha kupanga. Mama yako hajambo, ingawa paa linavuja upande wake na lawama zote ni zangu.

Karatasi yako ilisomwa kanisani Jumapili. Mama yako alipoambiwa alicheka mpaka akakohoa: "Si wangeniuliza mimi? Amechanganyikiwa tangu aliponioa!" Mimi sikuweza kucheka. Lakini usiache kazi, na usijitese. Watu wakiniuliza, nitawajibu binti yangu kasema kweli, kichwa kimeharibika.

Sasa hawanisalimii njiani. Ila jana alikuja bibi mmoja mzee, mzao wa waliokombolewa kama sisi. Alikaa ukingoni mwa kitanda cha mama yako, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Fundi, pete zilikuwa ngapi?"

Nikamtajia.

Akazihesabu kwa vidole. Kisha akasema, "Mama yangu alizihesabu gizani, kwa kupapasa. Ni hizohizo."

Nibusie wajukuu.

Baba yako, na hilo hakuna karatasi ya kulifuta