Dirisha Jeusi Nililolificha

Jumatatu, 26 Mei 2025

Imekubali! Programu ya zamani ya kupanga matokeo ya mitihani sasa inaitwa na skripti yangu, niliyoiandika kwa Perl, lugha ya kompyuta. Yangu ni mama, ile ni mtoto. Mama anamtuma, mtoto anataja majibu, mama anayadaka na kuyaandika kwenye orodha safi. Kompyuta ya maktaba ni Windows ya kale, inanguruma kama mashine ya kusaga, lakini imeweza.

Shida ilikuwa lile dirisha jeusi linalochomoza kila mtoto anapoitwa. Madam Veneranda, mwalimu anayesimamia matokeo, alipoliona aliondoa mikono kwenye kibodi, akadhani ameingiza virusi. Nikalificha. Sasa halitokei kabisa. Amefurahi, anasema atanitaja kwenye paredi ya shule. Nimemwomba asinitaje.

Jumatano, 28 Mei

Alinitaja. Niliangalia viatu vyangu mpaka makofi yakaisha.

Orodha imebandikwa. Mimi wa nne. Pendo hayumo! Tunakaa dawati moja, nilimwona akifanya karatasi zote, hata ile ya Fizikia iliyomliza. Lakini mwalimu wa zamu anasema asiyekuwa kwenye orodha hakufanya mtihani. Na Februari, alipohamia hapa kutoka Iringa, alikosa wiki tatu akimuuguza mama yake — kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Joachim akamuuliza kama siku ya mtihani alikuwa sokoni Mwanjelwa anauza parachichi. Darasa likacheka. Pendo naye akacheka, kidogo.

Wameshampigia simu baba yake mdogo, anayemlea hapa.

Alhamisi, 29 Mei

Anakuja kesho. Alishasema tangu mwanzo: Pendo akitoroka tena, anarudi Iringa kulima viazi, basi. Pendo alinieleza wakati wa chai, huku akikata andazi lake na kunipa nusu iliyo kubwa.

Saa kumi nilibaki maktaba. Nikamwendesha mtoto peke yake, bila mama, dirisha jeusi likiwa wazi. Majina yakashuka. Halafu, chini kabisa, mstari ambao sikuwahi kuuona: mwanafunzi ana namba mbili, kagua. Namba ya shule ya Iringa na namba ya hapa. Pendo.

Nimerudia kitabu changu cha Perl. Programu ina njia mbili za kusema: moja ya majibu, nyingine ya malalamiko. Mimi nilidaka majibu tu. Malalamiko yanakwenda dirishani — na dirisha nimelificha mwenyewe. Ili lisiwatishe walimu!

Nimeongeza 2>&1 mwishoni mwa amri, ili malalamiko nayo yapite njia ya majibu. Alama nne tu. Mstari ukaja. Nikaunganisha namba zake: divisheni ya pili.

Madam alikuwa ameshaondoka.

Ijumaa, 30 Mei

Nimeandika barua, maana mdomo wangu siuamini. Ya kwanza ilisema kompyuta imekosea. Nikaichana. Ya pili ilisema kumetokea hitilafu. Nikaichana pia. Ya tatu inaanza: Mimi ndiye niliyemwondoa Pendo kwenye orodha.

Nimekaa nje ya ofisi ya walimu. Baridi, mikono ndani ya sweta, naandika ili nisikimbie. Mlango uko nusu wazi. Baba mdogo amefika, yuko ndani kwenye benchi na Pendo, kofia iko magotini, begi la Pendo liko miguuni pake. Tayari limefungwa. Anauliza kwa upole kama hakuna uwezekano orodha imekosea. Kwa upole! Nilitegemea mtu mkali.

Madam anamjibu, "Hapana, baba. Orodha hiyo ameitengeneza Naima. Mtoto makini kuliko wote hapa."

Pendo amegeuka, ameniona. Sijui anadhani nimekuja kufanya nini. Kumuaga, labda.

Madam anauliza nani yuko mlangoni.

Pendo amesogea kwenye benchi, kama anavyosogea darasani nikichelewa. Ameniachia nafasi. Nafunga kalamu, naingia na barua.