Msiba wa Kamanda Oruni

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Liuli, 14 Juni 2025
Jina: Bernadi Aidan Komba. Umri: miaka 71. Kazi: mwalimu mstaafu. Makazi: Liuli.

Mimi ni mwenyekiti wa watazamaji wa Safari ya Falaki hapa Liuli. Huo ni mchezo wa televisheni kuhusu watu wanaosafiri kati ya sayari. Umeonyeshwa kwa miaka ishirini na miwili, nami nimeutazama wote. Tunautazama katika banda la video la Fulgence, ambaye hututafsiria kwa kipaza sauti. Watu huniuliza kwa nini mzee kama mimi hushughulika na mambo yasiyokuwapo. Huwajibu kwamba nimemfahamu Kamanda Oruni kwa muda mrefu kuliko ninavyowafahamu wao.

Mnamo tarehe 13 Juni, jioni, Kamanda Oruni alikufa katika mchezo huo. Fulgence alishindwa kutafsiri, akazima kipaza sauti. Tulikubaliana afanyiwe msiba. Mimi nilisema kwamba ukiwa msiba, uwe kamili.

Leo asubuhi tulifunga turubai uani kwa Fulgence. Ua huo ni mmoja na wa jirani yake, mvuvi Kilian, kwa hiyo turubai lilifika hadi mlangoni kwa Kilian. Yeye alikuwa ziwani tangu jana na alikuwa amechelewa kurudi. Mke wake, Gaudiosa, alikuwa Tingi kwa dada yake.

Devotha, muuza maandazi, alipita akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Poleni. Marehemu kaacha wajane wangapi?"

Fulgence akamjibu, "Kaacha sayari tatu, na wewe hujaleta hata kuni."

Devotha alicheka, akaenda, akarudi na kuni. Aliketi pamoja nasi.

Yapata saa nne Gaudiosa aliingia uani, kapu la mihogo kichwani. Tuliinuka, tukanyamaza, kama inavyopasa mwanamke anapofika msibani. Devotha alimwendea akamtua kapu, kwa sababu lilikuwa zito. Huku kwetu mfiwa hutuliwa mzigo kwanza, ndipo huambiwa. Sote tunalijua jambo hilo. Hakuna aliyelikumbuka mpaka tulipomwona Gaudiosa akitazama turubai, kisha mlango wake.

Nilisema, "Mama, mumeo hajafa." Alikuwa amekwisha kukimbia.

Tulimfuata hadi ufukweni. Alikuwa amesukuma mtumbwi majini akawa anapiga kasia peke yake. Upepo wa mwera, utokao kusini, ulikuwa ukivuma kwa nguvu. Nilimwita mara nyingi, hakugeuka. Fulgence aliingia majini hadi kifuani, wimbi likamrudisha. Baadaye hatukumwona tena.

Mchana Kilian alirudi salama. Upepo ndio uliomchelewesha. Aliniuliza, "Mwalimu, mmemfanya nini mke wangu?"

Nilimweleza. Nilipofika kwenye jina la marehemu, nilisita, kisha nikalitaja.

Akasema, "Nani huyo?"

Nikasema, "Ni mtu wa kwenye televisheni."

Hakunitukana. Alinitazama, kisha akamchukua Iddy, mvuvi mwenzake, wakarudi ziwani kumtafuta.

Nimeulizwa kama Gaudiosa na mumewe walikuwa na ugomvi. Hapana. Nimeulizwa ni nani aliyeagiza turubai lifungwe. Ni mimi. Fulgence na Devotha wasisumbuliwe kwa hilo. Naomba boti nyingine itafutwe kabla ya giza, kwa sababu Kilian na Iddy hawatoshi na mawimbi hayajapungua.

Niliyoyaona na niliyoyafanya ni hayo, sina la kuongeza. Naomba niruhusiwe kurudi ufukweni.

Sahihi: B. A. Komba

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Praygod. Shahidi ameyasoma na kuyathibitisha. Alipewa kiti akakikataa, akasimama dirishani muda wote. Kabla hajatoka, simu imepokelewa kutoka ufukweni: Kilian amempata mkewe akiwa hai, ameshikilia mtumbwi uliopinduka. Shahidi alipoelezwa, aliketi.