Kamyo ya umeme imenirudisha nyumbani, nami naogopa kuingia

Maman Mukandori, mpendwa mshauri wetu wa redio, nakuamkia kwa heshima na naomba unisaidie, maana niko na aibu ambayo siwezi kumpelekea pasta wala muntu yeyote wa hapa Kamembe.

Mimi ni Cassien, shofere. Nilikulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, tukarudi huku na wazazi, na tangu vita ya pili ya Kongo nimeendesha kamyo za mazutu, malori ya dizeli, Uvira, Kalemie, mara askari banafunga barabara nangoja wiki mbili, nalala ndani ya kamyo, napika pembeni ya kamyo, na nyumbani nilikuwa nafika siku mbili kwa mwezi, batoto bananikimbilia, bibi yangu Mukantwari, mama ya batoto, anachinja kuku, kesho yake nimeondoka, hivyo hivyo miaka ishirini na sita.

Halafu vita ikarudi tena upande ule, patron wangu, mwenye kamyo, akatoa magari yake huko, na kwa sababu serikali imeondoa ushuru kwa kamyo za umeme ili bei ishuke, yeye ambaye zamani alisema hizo ni za matajiri wa Kigali akaweza kununua moja, akanipa mimi ufunguo kwa kuwa ndimi mzee wa kazi. Maman, hiyo kamyo haina moshi, haina kelele, lakini haiendi mbali. Nashuka Bugarama, napakia mchele, napanda, saa kumi ya mchana niko Kamembe nimemaliza, kila siku. Bantu bote bananiambia, Cassien, uko na bahati, sasa utalala kwako.

Siku ya kwanza niliingia nyumbani, binti yangu Ingabire akaniletea kiti cha wageni na Fanta. Bibi akaniuliza nani amekufa. Batoto balikuwa bakicheka uani, baliponiona bakanyamaza. Wakati wa kula sahani hazikutosha, maana bamezoea kujihesabu bila mimi, na haikuwa ubaya, bibi akanipa yake, yeye akakula kwenye kifuniko cha sufuria. Siku ya nne ilikuwa vilevile. Upweke wa barabarani niliuzoea, Maman, lakini huu wa kukaa katikati ya batoto bangu mwenyewe sikuujua, na unaniuma.

Basi nikasema uongo. Nilimwambia Mukantwari kwamba ule msamaha wa ushuru uko na sharti, shofere alale na kamyo mpaka betri ijae. Akaamini, maana mimi ndiye najua mambo ya duane, ushuru wa mpakani. Sasa ni mwezi wa pili nalala depo, kwenye yadi ya patron kamyo inapochajiwa, mlinzi ananifungulia, patron anafikiri niko kwangu. Kila jioni bibi ananitumia chakula cha moto kimefungwa kwa kitambaa, nakikula peke yangu kwenye usukani na ninalia.

Sasa Mukantwari amebaambia bamaman ba kwaya yake, bamekasirika, na Ijumaa batamwendea patron kumwomba aandikie serikali iondoe hilo sharti. Na Mzee Sultani wa Bukavu, ambaye ana kamyo ya zamani ya mazutu, anatafuta shofere wa Uvira asiyeogopa vita, anataka jibu Alhamisi. Naona niende tu. Unanishauri nini?

Cassien

*

Papa Cassien,

Jibu hili nakutumia depo kwa mkono. Redioni sitalisoma kabla ya Ijumaa, maana nyumba yako inanisikiliza.

Barua yako niliisoma mara mbili, ya kwanza nikacheka, ya pili nikashindwa. Pole sana. Lakini pole yangu inaishia hapo, kwa sababu umefanya upumbavu wa mtu mzima. Serikali imeondoa ushuru ili kamyo inunulike, wewe ukaongeza sharti lako juu yake kama waziri. Njia ya mwongo ni fupi, na yako inaishia Ijumaa.

Uvira usiende. Hufuati kazi huko, kazi unayo. Unafuata mahali ambapo hakuna atakayekuuliza kwa nini uko peke yako. Risasi za kule hazichagui shofere aliyekuja kwa riziki na aliyekuja kwa aibu.

Ulitaka watoto wako wakae miaka yote hiyo wamenyamaza wakikungojea? Mukantwari amelea, amepanga mambo yake, amezoea. Hakuna aliyekufukuza. Ulikaa siku nne ukachoka. Barabara ya Kalemie uliijua kwa siku nne?

Sasa sikiliza. Kesho Jumatano, ukishachomeka kamyo kwenye umeme, mpe mlinzi ufunguo, nenda nyumbani kwa miguu. Usibebe zawadi, zawadi ni za mgeni. Mkute mkeo jikoni umwambie yote, hata yale machozi. Akikasirika usimkatize. Kisha mwombe kazi moja ya pale iwe yako kila siku, kuteka maji, kumenya ndizi, yoyote. Utaifanya vibaya, watoto watakucheka, nawe ucheke nao. Sahani kanunue mwenyewe sokoni. Mzee Sultani mwambie hapana, bila hotuba.

Lakini kwanza Mukantwari, na asikie kwako. Miaka ishirini na sita mama huyo alijua ni barabara iliyokuzuia. Asije akaambiwa ofisini kwa patron, mbele ya wanakwaya wenzake, kwamba safari hii ni wewe.

Mukandori