Siku Mama Alipokuja Darasani

Nafula mjukuu wangu,

Huku Saboti tu wazima. Mvua imeanza na babu yako anapanda mahindi.

Umeniuliza kama ni vibaya kumwambia mwalimu kwamba baba yako amesafiri, ili asije kupanda mboga za sukuma na darasa lenu kama alivyoalikwa, kwa sababu hajui Kiingereza.

Nikiwa darasa la nne, mwalimu alimwita mama yangu atuonyeshe kuchagua mbegu. Alifika na matope miguuni. Rafiki niliyeketi naye akauliza, "Huyo ni nani?"

Nikajibu, "Ni jirani yetu tu."

Mama alisikia. Akapukuchua hindi moja kavu, akatuambia punje za katikati ndizo za kupanda, za miishoni ni za kula. Mwalimu mwenyewe aliandika kwenye daftari. Watoto walimzunguka mama, mimi nikabaki kwenye dawati.

Tukirudi nyumbani akaniambia, "Jirani, nisaidie kikapu." Nilikibeba nikilia hadi mlangoni. Akanipa chai kama kawaida.

Basi amua mwenyewe. Ila baba yako alinipigia simu jana, anauliza avae shati gani siku hiyo.

Nyanya yako,
Nasimiyu