Msimamo wa Mwisho wa Juni

Mpendwa Shangazi Lorraine,

Naomba msaada wako kabla sijapasuka, maana jambo hili siwezi kumwambia padri wala dada yangu, kila nikifungua mdomo naufunga tena, na wewe unayejibu barua za watu angalau hunijui sura. Mimi ni mke wa Rudy, tunaishi Millvale, hapa pembeni ya Pittsburgh, mume wangu alikuwa mchomeleaji vyuma mpaka alipostaafu, na kama umewahi kuja kula samaki kanisani kwetu Ijumaa za Kwaresima basi umeshamsikia, ndiye yule mwenye sauti inayofika mpaka nje kwenye foleni.

Hapo kanisani tuna desturi yetu. Ijumaa ya mwisho kabla msimu wa besiboli haujaanza, samaki wakiisha watu hawaondoki, wanabaki ukumbini, na Chester, mkuu wa makarai ya kukaangia samaki, anapanda juu ya kiti na kuita majina, na kila anayeitwa anasimama na kutabiri kundi la timu yetu kwenye ligi litamalizaje mwezi wa tisa, timu zote tano, kuanzia ya kwanza mpaka ya mkia, na atakayekosea kuliko wote ndiye atakayesugua makarai ya mafuta Kwaresima ya mwaka unaofuata. Rudy ameyasugua makarai hayo karibu kila mwaka tangu tuoane, kwa sababu kila mwaka anaiweka Pittsburgh ya kwanza, hata miaka ile ambayo kipofu angeona kwamba hatuna mrushaji wala mpigaji, na aproni yake nimeifua mpaka maua yamefutika.

Sasa mwaka huu, mwezi wa pili, aligundulika ana kansa ya kongosho. Daktari alisema bila dawa labda atafika mwezi wa sita, kiangazi kikianza, na kwa dawa ataongeza miezi kidogo lakini miezi ya kutapika, na Rudy akavaa kofia yake, akamshukuru yule daktari kwa adabu kabisa, na tulipoingia kwenye gari akaniambia dawa hataki, na watoto wasijue, hasa binti yetu Marlene, akaniapisha kwa jina la marehemu mama yangu, na mimi kwa kuchanganyikiwa nikaapa.

Basi Ijumaa ile Chester akapanda kiti chake, na ilipofika zamu ya mume wangu akaanza utani kama kawaida yao.

“Haya Rudy, tupe ya kwanza, kama hatuijui!”

“Mimi nitawapa msimamo wa mwisho wa Juni,” Rudy akasema.

“Wa mwisho wa nini?”

“Wa Juni. Huko mbele mtajaza wenyewe.”

Shangazi, watu walivunjika mbavu. Mmoja huko nyuma akapiga kelele, “Hata Rudy leo kajua, sisi ikifika Juni tumeshazikwa!” na Chester akacheka mpaka akashika ukuta, akasema, “We mzee, sheria ni Septemba bwana, usituletee ujanja, makarai yanakungoja!” na Rudy naye akacheka, akazitaja, Pittsburgh, Milwaukee, Chicago, St. Louis, Cincinnati, akakaa akamalizia kabichi yake. Mimi nilikuwa nimeshika trei ya pirogi, zile sambusa zetu za kuchemsha zenye viazi ndani. Niliendelea kugawa, kwa sababu sikujua mtu hufanya nini zaidi, kila sahani pirogi tatu na vitunguu juu yake, na Chester nilimwekea pia.

Jumapili Marlene akapiga simu. Binti yetu huyu aliolewa Milwaukee na akahamia huko na moyo wake wote, na kila mwaka siku hiyo anapiga simu kumtangazia baba yake kwamba Milwaukee itamaliza ya kwanza na sisi mkiani, na wanabishana mpaka mmoja anamkatia mwenzake simu, na mimi huwa nacheka jikoni kwa sababu ndiyo lugha yao ya kupendana, nyingine hawana. Mwaka huu nikasikiliza kwenye simu ya jikoni.

“Baba, Milwaukee ya kwanza, nyinyi wa tano. Haya, sema!”

“Inawezekana, binti yangu.”

“Baba?”

“Nimesema inawezekana. Watoto hawajambo?”

Hakukaa sana akanipigia mimi. “Mama, Baba kanisusa? Nimemkosea nini?” Nikamwambia ana mafua. Akasema, “Mafua gani hayo ya kumfanya Baba aikubali Milwaukee?” na mimi nikacheka, Shangazi, Mungu anisamehe, nikacheka kabisa. Halafu akashusha sauti akaniambia amekata tiketi za mwezi wa nane, Milwaukee watakapokuja kucheza hapa, za kwake na mumewe na watoto, na moja ya baba yake karibu kabisa na benchi letu. “Usimwambie, Mama, nataka kumshtukiza.”

Mwezi wa nane! Sasa nina siri ya huyu kwa yule na ya yule kwa huyu. Nikivunja kiapo Rudy atanitazama vipi siku alizobakiza, na nikinyamaza, mwanangu atakuja na tiketi mkononi na kuketi karibu na kiti kitupu, na atajua kwamba mama yake alijua. Na kuna lingine naona haya hata kuliandika: nina hasira naye. Namwonea huruma na papo hapo nina hasira naye, kwa nini hataki dawa, mtu aliyeweza kuingojea timu ile maisha yake yote, kwa nini hawezi kuningojea mimi miezi miwili mitatu? Je, nimlazimishe? Kila asubuhi anasoma ukurasa wa michezo, anakunja gazeti, ananiambia, “Tunakwenda vizuri, bibie,” na mimi naingia stoo najifanya natafuta unga. Nimechoka kutafuta unga. Sioni mlango wowote wa kutokea hapa. Nifanye nini?

Mimi niliyekwama, Millvale

*

Wewe uliyekwama,

Pole sana. Nilisoma barua yako nikavua miwani, nikaisoma tena. Sasa nivumilie, maana nitakugombeza.

Tuanze na dawa. Usimlazimishe. Mwili ni wake, na ameuliza, akajibiwa, akachagua akiwa na akili zake. Una hasira? Mwambie usoni kwamba una hasira. Ni mumeo, si mara yake ya kwanza kukuona umekasirika, na nadhani ataipenda hasira yako kuliko huko kujificha stoo. Lakini usitarajie itambadilisha. Ningekuwa na neno la kukupa matumaini ningekupa, na sina. Atakufa, mama, na pengo lake litakuuma sana.

Ila kiapo ni habari nyingine, na hapo mmekosea wote wawili. Kufa atakufa yeye, lakini kufiwa mtafiwa nyinyi, na hilo hana haki ya kulipanga peke yake. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mama yako marehemu aliyetajwa kwenye gari, unadhani angependa jina lake litumike kumnyima mjukuu wake kwaheri ya baba? Wewe unamjua, mimi simjui. Jijibu mwenyewe.

Halafu nikuulize kitu. Mtu anayetaka kweli kuficha jambo husimama mbele ya ukumbi uliojaa watu wanaomfahamu na kusema “mwisho wa Juni”? Angeweza kutaja timu zake tano mpaka Septemba kama miaka yote, na hakuna ambaye angeshtuka. Mume wako alisema, mama! Alisema kwa lugha pekee anayoiweza, wenzake wakacheka, na mtu mmoja tu ndiye aliyeelewa, na huyo akaendelea kugawa pirogi. Sikulaumu, hata mimi ningegawa. Lakini amekaa siku zote hizi akingoja umwambie kwamba ulimsikia, na wewe unakimbilia stoo kutafuta unga.

Basi fanya hivi. Leo hii, si kesho. Akishakunja gazeti na kusema mnakwenda vizuri, usiende stoo. Kaa. Mwambie, “Rudy, nilikusikia Ijumaa.” Kisha mwache aseme yeye. Mkishalia, mwambie ana muda mpaka Jumapili wa kumpigia Marlene mwenyewe, na kwamba asipopiga, Jumatatu utapiga wewe, naye akiwa amekaa hapo hapo. Usipige kwa siri, siri mnazo za kutosha. Atakasirika. Atakuita msaliti, na pengine atakuwa na haki kidogo. Kubali kuitwa hivyo. Hasira yake mtaimaliza wiki hiyo hiyo, lakini Marlene akikosa kuagana na baba yake, hilo hakuna atakayelimaliza.

Tiketi za mwezi wa nane ziuzwe au zigawiwe. Marlene aje mwezi wa tano na watoto, na kama Rudy hawezi kwenda uwanjani, wasikilize redioni sebuleni na wabishane mpaka majirani wagonge ukuta. Mwambie Marlene asimwonee huruma kwenye besiboli, maana akianza kusema Pittsburgh itashinda, hapo ndipo mzee atajiona amekwisha. Chester naye aambiwe, na aambiwe na Rudy. Alicheka bila kujua, na asipopata nafasi ya kuomba radhi, kicheko kile kitamsumbua mpaka naye aingie kaburini.

Lipo jambo moja la mwisho, na hili usilipuuze ukadhani ni mzaha wa Shangazi. Mimi nimezaliwa mji huu, timu hii imenizeesha kama ilivyowazeesha nyinyi, najua ninachosema. Mwambie msimamo wa Juni huutaki. Chester alikuwa na haki, sheria ni Septemba. Akutajie timu zote tano, za mwisho wa msimu, kwa sauti yake ile ya kufika kwenye foleni. Atakwambia hatakuwepo. Mwambie unajua. Mwambie wewe utakuwepo, na Marlene atakuwepo, na mtahitaji mtu wa kumwambia kwamba alikosea.

Na ile aproni usiitupe. Atakosea, kama kawaida yake, na Kwaresima ijayo makarai hayo utayasugua wewe.

Shangazi Lorraine