Chuma cha Radi cha Bibi Mosi

Kihonda, Morogoro

Kaka yangu mpendwa Mansuri,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima huko Gairo, wewe na mwanetu Faraja, na kile kikohozi chake kiwe kimepungua. Mimi mwili haujambo. Bibi Mosi yupo hukohuko mlimani Matombo, anakula kidogo, anakusalimu sana. Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Nimekupigia mara mbili nikiwa na neno, nikaishia kukuuliza bei ya karanga.

Nianze na kile chuma. Tumekua nacho: Bibi akikiviringisha juu ya jiwe kusaga karanga, na upepo ukivuma akikiegemeza mlangoni. Alisema mama yake alikiokota shambani baada ya ngurumo kubwa, nasi tukaamini ni chuma cha radi. Ramadhani iliyopita nilikipiga picha nikamwonyesha Mwalimu Emmanuel, mpangaji mwenzangu anayefundisha historia. Alitazama, kisha akauliza kama pale nyumbani kuna watoto. Akanieleza kuwa lile ni kombora la mzinga, la vita ile Wajerumani na Waingereza waliyopigana huku kwetu zaidi ya miaka mia iliyopita. Akasema wazee hawakukosea sana, maana kweli kilitoka juu. Akanihimiza nitoe taarifa polisi siku ileile, nikatoa. Hapo sijutii.

Wanajeshi walikuja, wakawatoa watu majumbani, wakakibeba kwenye sanduku la mchanga. Bibi aliketi kwa jirani yake, Mama Editha, amejifunika uso kwa kanga. Watu walinishika mikono wakinishukuru, hata wale ambao hawajawahi kuuliza jina langu. Kisha watu wa redio wakanitafuta. Ulinisikia ukiwa dukani kwako, nikisema mtoto wa kaka yangu alikuwa akilala pembeni ya kifo. Kesho yake ukaja kumchukua.

Sijui kama ulimtazama Bibi siku ile. Amemlea Faraja tangu mama yake alipofariki, lakini hakukubishia. Alikunja nguo za mtoto moja moja, akamwomba msamaha. Faraja akauliza, "Umefanya nini, Bibi?" naye akaendelea kukunja. Tangu hapo si yule tunayemjua. Anakaa akikumbuka kila aliposaga karanga na mtoto mgongoni: marehemu mama yetu, wewe, mimi, Faraja. Mama Editha akimletea mjukuu wake ampakate, anakataa. Anasema mikono yake si ya kubebea watoto.

Sasa kaka, neno lenyewe. Kabla sijaenda redioni, sajenti wa wale wanajeshi, niliyemwachia namba yangu, alinipigia. Alisema tuondoe hofu. Kombora lile ni la aina inayopasuka hewani na kumwaga risasi zake hukohuko. Kilichoanguka shambani ni ganda tupu, likajaa udongo na kutu. Halikuwa na uwezo wa kumdhuru mtu, labda limwangukie mguuni. Alicheka. Mimi nikamshukuru, nikakata simu, nikaenda kusema yale uliyoyasikia.

Nilijua nikiwa mbele ya kipaza sauti. Nilijua ulipofika kumchukua mtoto, na zipu ya begi lake ilipokwama, ni mimi niliyekusaidia kuifunga. Nilikuwa nimeonja kuitwa mtu aliyeokoa kijiji, nikashindwa kuutema utamu ule. Kila nilipomwona Bibi anakonda nilijiambia nitasema kesho.

Jumapili nilipanda Matombo nikamwambia yote, nimepiga magoti. Nilitegemea anifukuze. Alinipapasa kichwa akasema, "Najua unanionea huruma, mwanangu. Usijitwike uongo kwa ajili yangu." Nikaapa, hakuamini. Nikampigia sajenti azungumze naye. Bibi alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru, kisha akanirudishia simu na kusema nimempanga askari wa watu aseme hivyo. Redioni pia nimekwenda kusahihisha. Wamesema watanipigia.

Kwa hiyo sina tena maneno ya kumpa, kaka. Atakayeweza kumwaminisha ni wewe. Anajua huwezi kumweka mwanao hatarini ili kumfurahisha mzee. Mrudishe Faraja, hata kwa siku chache, alale pale, umwachie Bibi amwogeshe mwenyewe. Mimi nihukumu utakavyo. Ukitaka nisiwepo siku hiyo, nitabaki huku Kihonda.

Nilipokuwa naaga nilimkuta anatandika kitanda cha mtoto, anaingiza chandarua chini ya godoro. Alishtuka, akasema ni mazoea tu. Lakini hakukitandua.

Nisalimie majirani zako wote, na umshike Faraja kichwani kwa niaba yangu. Nakuombea heri na subira, hasa subira juu yangu.

Mdogo wako aliyekukosea,

Mwanvita