Nimemficha Mwenye Ng'ombe Moto Wake

Shangazi Gaudensia, shikamoo. Nakuandikia kutoka Bashay, Mbulu, na naomba uisome barua yangu mapema maana mgeni wangu anakuja mavuno yakiisha, na mavuno yenyewe ndiyo haya tunayavuna, na mimi usingizi umenipotea.

Kwanza nikupe raha yangu ndipo utaelewa taabu yangu. Shangazi, mimi napika bila kuni. Nguzo za umeme zimefika Dongobesh zikaishia huko, sisi huku tunazisikia tu, lakini kwangu kuna taa, kuna redio, simu inachajiwa kwa sola iliyoko juu ya bati, na jikoni ninawasha moto wa bluu unaotoka kwenye kinyesi cha ng'ombe. Fundi Hermani alituchimbia shimo karibu na banda akalijengea kwa matofali na saruji, na mimi kila asubuhi nakoroga kinyesi na maji namimina humo, gesi inapita kwenye bomba mpaka jikoni, nafungua koki, nawasha, naweka sufuria. Basi! Hakuna kupuliza, hakuna kulia machozi. Tope linalobaki napeleka kwenye vitunguu saumu na wanaopita njiani wanauliza mbegu nimetoa wapi. Kuta za jiko nimezipaka chokaa na mpaka leo ni nyeupe, shangazi, jiko jeupe, mama yangu mzazi alipoliona aliuliza kama ni kanisa.

Sasa sikiliza. Ng'ombe wetu wenyewe ni mtamba mmoja mdogo. Ng'ombe mkubwa, yule wa mabaka anayejaza shimo, ni wa Mzee Gidamis, mfugaji wa Gendabi kule Hanang, aliyekuwa rafiki wa marehemu baba mkwe wangu. Wewe unajua mambo yetu ya huku, mtu anamweka ng'ombe wake kwa rafiki ili ugonjwa ukiingia kwake wasife wote, na anayetunza anakunywa maziwa, na samadi ni yake, lakini ng'ombe na ndama ni wa mwenyewe, na mwenyewe akisema namtaka, unafungua kamba unampa bila neno. Jirani yetu mmoja alinyang'anywa hivyo hivyo, mwenye ng'ombe alikuja akaona madumu ya maziwa yamepangwa mlangoni, wiki iliyofuata ng'ombe hayupo.

Kwa hiyo mwaka jana Mzee Gidamis alipotuma salamu kwamba anapita kumwona ng'ombe wake, niliogopa. Nilisema akiona huu moto atajua ng'ombe wake ni mali kuliko alivyodhani, atamchukua, na mtamba peke yake hawezi, tulishajaribu ng'ombe mkubwa alipougua, moto ulikuwa mdogo mpaka maji ya ugali yakakataa kuchemka nikarudi porini na kamba yangu ya kuni, mgongo ukaniuma nikalia njia nzima, si kwa maumivu, kwa hasira. Nikaapa sitarudi tena kule.

Basi nikalifunika jiko la gesi kwa ungo. Nikaweka mafiga, nikaomba kuni kwa jirani, nikawasha, na kwa kuwa nilishasahau jinsi ya kupanga kuni, moshi ulijaa tukaanza kukohoa mimi, mgeni na kuku. Mzee akasema atoke nje amwone ng'ombe. Mfuniko wa shimo nilikuwa nimeutupia mabua ya mahindi, lakini alisimama palepale akauliza, "Mama Sulle, hiki ni nini?" Nikamwambia ni tangi la maji. Akaniangalia, akaliangalia banda, akasema, "Maji ya kunywa, karibu hivi na ng'ombe?" Nikasema ya kumwagilia. Mume wangu Yohanes aliinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja chungu. Mzee alikunywa chai yake yenye moshi, akamshika ng'ombe mgongoni, akasema amenenepa, na wakati wa kuaga akaniambia, "Mama Sulle, siku nyingine nikija usihangaike na kuni kwa ajili yangu." Nikaona ni adabu ya mzee tu, nikashukuru.

Sasa ametuma tena salamu. Safari hii anakuja na mke wake na watalala. Yohanes amesema yeye hatadanganya tena, akiulizwa atasema, na afadhali tumrudishe ng'ombe wenyewe kuliko kufumaniwa. Mimi nimemwambia yeye hajawahi kubeba kuni hata siku moja kwa hiyo asinifundishe. Hatuzungumzi tangu Jumapili. Shangazi, nifanyeje? Nilifunike tena jiko, au niuachie moto wangu uondoke?

Ni mimi, Bernadina, mama Sulle.


MAJIBU YA SHANGAZI

Marahaba, Bernadina. Hongera! Nianze hapo, kwa sababu katika barua yako nzima umejilaumu na kuogopa mpaka umesahau kwamba umeshinda. Wapo watu mjini wenye nyaya za umeme mpaka chooni na bado wanapikia mkaa. Wewe uko Bashay, unafungua koki. Nilipofika kwenye vitunguu saumu nilipiga makofi peke yangu ofisini na wenzangu wakageuka.

Haya, nimemaliza kukusifu. Sasa keti nikugombeze.

Mwanamke mwenye akili ya kuendesha mtambo, unamdanganya mzee aliyeanza kuchunga akiwa hajaota meno ya pili? Umemkaribisha kwenye jiko jeupe pe, halafu unamwambia unapikia kuni. Kuni zimetoa wapi adabu ya kutochafua ukuta? Umemwonyesha tangi la maji lenye harufu ya zizi. Mfugaji anakijua kinyesi cha ng'ombe wake, mama, hata ukikifunika kwa mabua ya kijiji kizima. Soma tena alichokuambia mlangoni. Usihangaike na kuni kwa ajili yangu. Ile haikuwa adabu tu, Bernadina. Alishajua! Alijua, akanyamaza, akanywa chai yako ya moshi, akaondoka akamwacha ng'ombe wake mikononi mwako mwaka mzima. Wewe unamwogopa mtu ambaye tayari amekufanyia wema.

Na ukimfikiria yule jirani yenu, usichanganye mambo. Sijui kilichowatokea wale, huenda hata ng'ombe alikuwa amekonda. Wa kwako amenenepa, amesema mwenyewe.

Sitakudanganya kwamba hawezi kumchukua. Ni wake. Akimtaka, fungua kamba. Lakini amchukue kwako akiwa ameshiba ukweli, si kwa sababu amechoka kudanganywa. Ng'ombe anaweza kupatikana mwingine, ila rafiki wa baba mkwe wako akikuona mwongo, hata mbuzi hatakuwekea.

Sasa fanya hivi. Patana na Yohanes leo, si kesho, umwambie alikuwa sahihi. Najua neno hilo ni zito mdomoni, litamke hivyo hivyo. Mtamba wenu mlisheni vizuri, pandeni majani ya mabingobingo kandokando ya shamba, ili siku moja msiwe mnategemea mgongo wa ng'ombe wa mtu. Ungo rudisha kwenye kazi yake ya kupepeta. Wageni wakifika, baada ya shikamoo na kabla ya chai, mwingize Mzee Gidamis jikoni na useme, "Mzee, mwaka jana nilikuficha. Huu ni moto wa ng'ombe wako. Nisamehe, na karibu." Usieleze sana. Ukieleza sana utaanza kudanganya tena, nimeshakufahamu.

Kisha mpe kiberiti mke wake, awashe yeye.


Wasomaji wangu, majibu haya nilimtumia Bernadina kwa posta ya haraka, maana mavuno hayamsubiri mhariri. Majuzi akanipigia simu, na kwa kelele zile nilidhani kuna harusi.

Wageni wamekuja. Alisema maneno yake, akampa mke wa mzee kiberiti. Mzee Gidamis alicheka, akasema alijua tangu mwaka jana, alikuwa anasubiri kuona mama Sulle atachoka lini kumficha. Lakini mke wake hakucheka. Aliwasha, akaona moto umekaa sawa bila moshi, akaweka mkono karibu kuhakikisha joto, kisha akamgeukia mumewe mbele ya watu wote.

"Wewe mzee, boma limejaa ng'ombe, mimi napuliza kuni mpaka macho yanakwisha, na wewe ulijua hii tangu mwaka jana?"

Bernadina anasema mzee alichukua fimbo yake. Alitoka nje akamwita Yohanes, wakazunguka shimo mara nyingi, wakipima kwa hatua na kuelekeza fimbo. Ndani, mgeni wa kike alikataa kabisa kutoka jikoni. Alipika chai, ikanywewa, akapika nyingine ambayo hakuna aliyeitaka, na mzee alikunywa ile ya pili yote bila kunung'unika. Sasa fundi Hermani na Yohanes wako Gendabi wanachimba shimo kubwa kuliko la Bashay, na mama mwenyewe anawasimamia.

Nikamwuliza, na ng'ombe je?

"Amebaki, shangazi. Mzee amesema akimhamisha, mke wake hatamwelewa. Amebaki, na mimi sijifichi tena jikoni kwangu."